Mgongo wa Mwalimu

Kwa miaka kumi na minne nilimjua mwalimu wangu kwa mgongo. Ungewasimamisha watu mia moja wakitazama ukuta, ningemtoa yeye bila kusita: bega la kulia limeshuka kidogo, shingo fupi, na katikati ya mbavu jasho linaloanza kama sarafu kwenye fulana na kushuka polepole mpaka kiunoni. Uso wake niliuona kanisani, niliuona tukinywa chai. Lakini kung fu yake yote niliipokea kutoka nyuma, na mimi ninayesema hivi si mtu wa kukubali mambo kirahisi. Nina mdomo, najua. Mama yangu alisema nitakufa nauliza swali.

Tulikuwa tukifanya mazoezi Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kule Shively, upande wa kusini-magharibi wa Louisville. Mimi nilikuwa natoka shifti moja kwa moja, ghalani, mikono ikinuka gundi ya maboksi, macho mazito hata taa za barabarani nikiziona mbilimbili. Madirisha ya ukumbi ule yako juu karibu na dari, usawa wa ardhi ya nje, kwa hiyo ulichokiona ni nyasi na viatu vya wapita njia. Wakati wa baridi theluji iliziba vioo na mwanga ukaingia wa bluu, umepoa, ungedhani tuko ndani ya bakuli la maziwa. Hakuna muziki, hakuna kuhesabu kwa sauti, hakuna ukelele wowote. Kulikuwa na pumzi za watu, na mbele yetu mgongo ule unakwenda, unazama, unainuka. Mara nyingine sikujua kama niko macho au nimelala nikiwa nimesimama, na mwili ulikuwa ukifuata tu.

Tulijipanga mmoja nyuma ya mwingine, mstari mmoja, wote tukitazama upande mmoja. Na mfululizo mzima wa hatua, ambao watu wa vyama vingine wangeupa jina la mnyama au la mlima, sisi tuliuita Foleni. Wageni walicheka. Wacheke tu.

Mwalimu alikulia kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, kama mimi, ila yeye alikuwa kijana mwenye ndevu wakati mimi bado nabebwa. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa fundi baiskeli, Mrundi mwenzetu, aliyefundishwa ujanani na Wachina waliokuja kujenga barabara. Huyo fundi alitamani kufundisha vijana pale kambini, lakini wakubwa wa kambi walikuwa wamepiga marufuku mazoezi ya kupigana. Waliogopa watu wasije wakajiandaa kwa vita. Basi fundi akabuni njia. Aliwapanga vijana wake kwenye foleni ya maji, alfajiri, kila mtu na dumu lake miguuni. Yeye akasimama wa kwanza, akawapa mgongo, akaanza kusogeza mwili kidogo kidogo, na waliokuwa nyuma wakafuata. Askari akipita anaona nini? Watu wanangoja maji, wanajinyoosha kwa baridi. Akikaribia sana, fundi anainama, ananyanyua dumu, anasogea hatua moja, na wote wananyanyua na kusogea. Ndiyo maana hatua ya tatu ya Foleni yetu ni kuinama na kuinuka na uzito mkononi. Kuna kijana mmoja wa chuo aliwahi kuniambia kwamba ile hatua inawakilisha mbingu na dunia. Nikamwambia, kaka, ile ni dumu la lita ishirini.

Mwalimu wa pili alimpata hapa Louisville, miaka yake ya mwanzo. Mchina mzee, mpishi aliyestaafu, aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye bustani ya jiji karibu na kituo cha basi. Mwalimu alimtazama wiki mbili kwa mbali, kisha siku moja akasimama nyuma yake na kuanza kumfuata kama alivyozoea, bila kuomba ruhusa. Yule mzee akageuka, akamwangalia, akaashiria: fanya ya kwako. Mwalimu akafanya Foleni yote. Hawakuwa na lugha ya pamoja, kila mmoja Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia mkate. Kwa majira matano ya joto mzee alimrekebisha kwa vidole viwili tu, akisukuma hapa kwenye nyonga, pale nyuma ya goti, hapa kwenye uti wa mgongo, mpaka hatua za foleni ya maji zikapata mizizi. Ila mikono hakuigusa kamwe. Ikifika kwenye mikono, mzee alifunga ya kwake nyuma na kutazama miti. Mwalimu alielewa kwamba anaambiwa: hiyo ni mali ya mwalimu wako, mimi siingilii.

Ukiwaweka hao wawili pamoja, ndiye Mwalimu wetu. Alituonyesha mgongo, halafu akatuacha tuendelee, akarudi nyuma ya mstari na kutembea taratibu, akitusukuma kwa vidole viwili. Ungejua yuko nyuma yako kwa harufu ya sabuni ya kipande. Kidole kikigusa kiuno unakaa chini zaidi, kikigusa bega unaachia. Siku aliponisukuma bega nikaliachia kweli, machozi yalinitoka nikiwa sijui nalilia nini, na yeye akapita kwa mwenzangu bila neno.

Siku moja nilimuuliza, tukinywa chai: "Mwalimu, mbona hujawahi kutuonyesha kwa mbele?"

"Mbele kuna nini?" akasema. "Kuna kitambi tu."

Tukacheka wote, chai ikanipalia. Ningejua, nisingecheka. Ningeng'ang'ania mguu wake mpaka ageuke.

Mwaka huu, mwanzoni mwa masika, kiharusi kilimwangusha jikoni kwake. Upande wa kulia wote ukalala, mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Binti yake alikuja kumchukua na gari kutoka Cheektowaga, kule Buffalo, anakofanya kazi ya kuhudumia wazee. Huyu binti naye ni mwanafunzi wake, tulisimama naye kwenye mstari miaka mitano kabla hajaolewa na kuhamia huko. Tulimfunga Mwalimu mkanda wa kiti, nikamfunika blanketi miguuni. Alinishika kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi, akasema maneno mawili, moja moja, kwa shida: "Kaa mbele."

Jamani, nilivimba. Sitadanganya. Nilirudi ukumbini Jumamosi ile nikasimama mbele ya watoto ishirini na watatu wa jumuiya yetu, Warundi na Wakongo, wengine hata Kiswahili kinawapiga chenga, nikawapa mgongo wangu. Wazazi waliponiuliza nafundisha nini, niliwajibu kifua mbele: nafundisha kile kile alichofundisha Mwalimu, kama alivyokipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Nililisema hilo kila Jumamosi. Nililiamini kuliko ninavyoamini mambo mengi.

Mwezi wa tisa kaka yetu wa Columbus akatuita. Huyu ni Mkongo wa Kivu, alisoma kwa Mwalimu miaka saba, kisha kazi ya kiwandani ikampeleka Columbus na huko naye akaanza kufundisha. Alikuwa amepata chumba kipya cha kukodi, akataka sisi watatu, yeye, mimi na binti wa Mwalimu, tukiombee na kufanya Foleni pamoja humo. Columbus iko katikati, kila mtu anaendesha sehemu yake. Nilifika na sufuria ya pilau imefungwa kwa taulo kwenye kiti cha nyuma, nikiimba.

Chumba kilikuwa zamani cha kufundishia dansi. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo, toka sakafuni mpaka juu.

Tuliomba. Tukajipanga, mimi mbele kama Mwalimu alivyosema, kaka nyuma yangu, binti nyuma yake, tukipishana kidogo ili tuenee. Jua la alasiri lilikuwa likiingia ubavuni na vumbi linaelea ndani yake, na tulipoanza kupumua pamoja niliona kwenye kioo watu watatu wanaokuja kunilaki polepole kutoka upande wa pili, kutoka mahali pa kimya, nami nikafurahi kuwaona. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Dumu likanyanyuliwa, sote watatu, pamoja. Nilihisi Mwalimu yuko mahali pale.

Tukafika ya saba. Kwa nyuma, ya saba ni hivi: viwiko vinafunguka, mabega yanashuka, mkono wa kulia unatangulia na wa kushoto unafuata. Hicho ndicho mgongo unachokuonyesha. Kwenye kioo nikaona mikono yangu imetangulia viganja juu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nyuma yangu kaka alikuwa amekunja ngumi mbili, moja juu ya nyingine. Nyuma yake binti wa Mwalimu alikuwa amebana viganja kifuani, anasali.

Tukasimama. Hakuna aliyetuambia tusimame.

"Bon," kaka akaanza kwa Kifaransa, akinitazama kwenye kioo. "Dada, weye unafanya nini pale na mikono?"

"Nafanya ya saba. Wewe ndiye sijui unatwanga nini."

"Minafanya vile Mwalimu alinionyesha."

"Alikuonyesha wapi? Sote tuliona mgongo!"

"Donc, miye niko muongo?"

"Sijasema. Umejisemea mwenyewe."

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba ni mtu wa maombi. Mimi nilijua anaomba." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kuwa mtoto wake hakumpi macho ya kupenya nyama. Akashusha mikono. Tulijaribu ya nane, ya tisa, ya kumi na moja, na kila mahali ambapo mikono hutangulia mwili tulikuta watu watatu na mambo matatu. Miguu ilikuwa moja, kiuno kimoja, pumzi moja. Mikono kila mtu alikuwa ameiota kivyake, miaka yote, akitazama kitambaa cha fulana. Pilau ikaliwa bila mazungumzo.

Niliendesha kurudi Louisville na kichwa kinavuma. Waliniuma zaidi wale watoto. Nilikuwa nimewaambia wazazi wao: bila kuongeza wala kupunguza. Kumbe nilikuwa nimewapa kitu nilichojitungia, nikakibandika jina la mtu mwingine. Je, kama ngumi ndizo? Kama maombi ndiyo? Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini, nikafungua mlango, nikawasha taa, nikashindwa kusimama mbele. Niliwaambia naumwa. Jumamosi ya pili nikasema ukumbi una ukarabati. Baada ya hapo sikusema chochote, na watoto wakawa wananiuliza kanisani, kwa Kiingereza chao, darasa linarudi lini. Nilikuwa nawapita kama sijawasikia. Nilipolala mchana baada ya shifti niliota foleni moja tu, ndefu, migongo mitupu kwenye ukungu wa alfajiri, na mimi natembea kando yake haraka nikitaka kufika mwanzo nione nani yuko mbele na amefanya nini na mikono yake. Nilivyotembea ndivyo ilivyorefuka. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Mwezi wa kumi na moja nikapiga moyo konde, nikampigia simu kaka. Nikaomba radhi kwanza, jambo ambalo haliko kwenye tabia yangu. Nikamwambia twende kwa Mwalimu, atuambie mwenyewe, ya nani ndiyo. Akiniambia yangu siyo, nitasimama mbele ya wale wazazi niwaambie, na sitafundisha tena. Kaka akasema, "Twende. Na miye niko na bantu banenda kunicheka kama iko uongo."

Tulipita Cleveland, tukaliacha ziwa upande wa kushoto, la kijivu, halina mwisho, hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tulipokaribia Buffalo theluji ilianza kushuka, ile ya vipande vikubwa visivyo na haraka. Nyumba ya binti iko Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilipita chini juu ya mapaa zikitokea kwenye weupe na kuzama tena kwenye weupe. Alitufungulia mlango, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno kuanzia Columbus, yote yakapotea.

Mwalimu alikuwa sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda. Mkono wa kulia umelala juu ya mto mdogo. Alipotuona alicheka kwa nusu ya uso, na nusu hiyo ilitosha.

Tulisogeza meza. Tukajipanga kwa desturi, mmoja nyuma ya mwenzake, yeye akawa nyuma yetu kwenye kiti chake, kwa kuwa nyuma ndiko alikokuwa siku zote akitukagua. Mimi mbele, nikitazama ukuta wenye kalenda. Nikasema bila kugeuka, maana uso wake ningeshindwa kuutazama: "Mwalimu, tumekuja kuuliza jambo. Hatua ya saba. Mikono inafanya nini kwa mbele? Tumegundua kila mtu ana yake."

Ndege ikapita, vikombe vikalia kabatini.

"Fundi," akasema mwishowe. Maneno yalimtoka kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Fundi alikuwa mbele. Mimi... wa sita. Wa sita kwenye foleni."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Sikuiona," akasema. "Mikono yake. Hata siku moja."

Kumbe naye! Kumbe ile miaka yote tuliyomfuata, naye alikuwa akifuata fulana ya mtu, na mbele ya yule fundi labda kulikuwa na mgongo wa Mchina wa barabara. Na yule mpishi mzee wa bustanini, alipofunga mikono yake nyuma, pengine alijua. Hasira ilinipanda, kusema kweli. Hasira ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Nikataka kumuuliza kwa nini hakutuambia. Nikataka kumuuliza niwaambie nini wale watoto ishirini na watatu.

"Ya kwako ilikuwaje, basi?" nikasema, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka. "Wewe mwenyewe, ulikuwa unafanyaje?"

Nikasikia kiti kinalia, anajaribu. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kutuambia, siku zote zile, ukumbini Shively wala popote.

"Geukeni."

Tukageuka, tukipishana kidogo ili atuone sote.

Alikuwa amekaa anatutazama, na ndipo nilipofahamu, kwa kuchelewa, kitu ambacho mtoto yeyote angekifahamu: kama sisi hatukuwahi kuona mikono yake, yeye naye hakuwahi kuona ya kwetu. Miaka kumi na minne alinisukuma bega na nyonga na hakuwahi kuniona kwa mbele nikifanya Foleni. Macho yake yalikuwa na hamu ya mtu aliyengoja sana. Hasira yangu yote ikaisha, sijui ilikwenda wapi.

Tukaanza. Theluji nyuma ya kioo ilikuwa ikishuka kwa mwendo ule ule wa pumzi zetu, au sisi tulikuwa tumeifuata bila kujua. Alimtazama kaka na ngumi zake, akatikisa kichwa polepole kwa mshangao, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu. Alimtazama binti yake anavyosali, akafumba jicho moja, lile zima, akalifumbua. Kisha tulipofika tena ya saba akanitazama mimi.

Nilitoa mkono wa kulia, kiganja juu. Machozi yalikuwa yananidondoka kidevuni na sikuyafuta. Na pale kitini nikaona mkono wake wa kushoto unainuka kutoka mapajani. Kwenye foleni, nyuma yangu, asingeweza kunifuata, maana hatua ya saba inaanza na kulia, na wa kulia umekufa. Lakini sasa tulikuwa tunatazamana, na upande wangu wa kulia ulikuwa umeelekea kushoto kwake. Mkono wake mzima ukaja kuelekea wangu, kiganja kikijaribu kugeuka juu, kikishindwa, kikijaribu tena, na macho yake hayakutoka mikononi mwangu.

Alikuwa ananifuata.

Alichelewa kwenye ya nane, akapotea kabisa kwenye ya tisa. Alinitazama kwa aibu kidogo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikashusha mikono, nikavuta pumzi, nikasogea karibu na kiti chake. Nikaanza upya, polepole zaidi, ili asiachwe.